Mate ya Limau Hayasemi Tabia ya Mtu

Ile klipu ya limau imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Unafunga uzi katikati ya kijiti cha pamba cha masikio, unaweka ncha moja ulimini, kisha unadondoshea ulimi matone manne ya limau na kuweka ncha ya pili. Ukikining'iniza kikalalia upande wa limau, basi wewe ni mkimya wa kuzaliwa na hisia zako ni kali kuliko za wenzako.

Jaribio lenyewe si uzushi. Mtafiti Corcoran aliliandika mwaka 1964, na Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, akaliegemea kutetea nadharia yake kwamba ubongo wa mkimya tayari uko macho, kwa hiyo kitu kidogo tu humgusa. Mimi na mate hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hukumu inayotolewa juu yake.

Tezi kumwaga mate si sawa na mtu kuhisi ukali zaidi. Hapa Unguja ukitajiwa tu embe changa la chumvi na pilipili, mdomo unajaa kabla hujaliona. Aliyekulia kwenye urojo wa ndimu atapimwaje pamoja na ambaye hajawahi kuugusa? Na Ramadhani je, saa kumi na moja jioni, koo limekauka na harufu ya sambusa inatoka jikoni? Wenye fani wenyewe walishaonywa juu ya saa. Mwaka 1980 mwanasaikolojia William Revelle na wenzake walionyesha kuwa namna kafeini, ile ya kwenye kahawa inayoamsha ubongo, inavyowaathiri watu hugeuka kati ya asubuhi na jioni, tena kilichohusika zaidi kilikuwa pupa ya mtu, si ukimya wake kwa jumla.

Halafu huyo mkimya wa kwenye jaribio amejulikanaje kuwa mkimya? Kwa hojaji. Chukua kijana wa Wete: akipita barazani kwa wazee anatoa shikamoo, anakaa pembeni, hatii neno mpaka aulizwe. Jioni hiyohiyo uwanjani sauti yake inasikika mtaa wa pili. Muulize, "Je, hunyamaza ukiwa na watu?" Watu gani? Adabu yake itahesabiwa kuwa tabia. Mtafiti Arnett alipohesabu mwaka 2008, asilimia 96 ya waliopimwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wazee wa barazani hawamo humo.

(Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili pia haimwambii mtu mmoja lolote la uhakika. Hilo klipu hailigusi kabisa.)

Jaribio ninaloliheshimu ni la mwanasaikolojia Geen, 1984. Aliwaachia watu wachague wenyewe kiwango cha kelele. Wakimya walichagua kelele ndogo, wachangamfu kubwa, na kila kundi likiwa kwenye kiwango lililochagua, walijifunza sawasawa. Ukisoma hapo kwamba mkimya haiwezi kelele, umesoma nusu.

Kwa hiyo anayetaka kunishawishi kwa limau aje awapime watu walewale asubuhi na jioni, wakiwa wamefunga na wakiwa wamekula, na hojaji iulize kuhusu ukweni, sokoni na kwa rafiki, kila pahala peke yake.