Kitunguu cha Kutazamwa

Mimi sina ugomvi na maua. Asumini naipenda, waridi nalivumilia, na bogonvilia ya jirani ikimwaga takataka uani kwangu nafagia kimya kimya. Lakini mtu kupanda kitunguu, kukimwagilia, kukitilia samadi, halafu kuwatangazia watu wazima wa nyumba kwamba hiki hakiliwi, kinatazamwa! Hapo, ndugu zangu, mniruhusu niseme.

Hapa ni Mabatini, mlimani, Mwanza. Nyumba zetu zimekaa juu ya majabali, na kitunguu tunakijua: kinauzwa kwa fungu, kwa sado, au kwa gunia la lumbesa. Kinaingia kwenye kachumbari, kwenye rosti ya sangara, kwenye dagaa. Kitunguu kisichoingia popote nilikuwa sijakiona.

Mke wangu, Mama Kulwa, akakiona kwenye simu, katika bustani ya huko Uingereza. Eti ni ukoo mmoja na kitunguu maji, kitunguu saumu na liki, ukoo wenye aina mamia na mamia, ila hawa wameamua kuishi kwa sura. Mkubwa wao anaitwa Allium giganteum, asili yake ni Iran na Asia ya Kati. Shina linapanda mita moja na nusu na kuzidi, kileleni linabeba duara la zambarau, na duara lenyewe ni vijiua vidogo vidogo kwa mamia, vimebanana. Nikasema sawa, kizuri. Mwanaume akisema "kizuri" katika nyumba hii, huwa ameshapitisha bajeti.

Shemeji yangu anayeishi Uholanzi akavileta alipokuja likizo ya Krismasi, na cheti. Si utani. Vitunguu vimeingia nchini na cheti cha afya ya mimea, kimegongwa mihuri. Bima yangu mimi imeisha muda na hakuna aliyeshtuka.

Nikadhani vinapandwa. Wapi! Vinatakiwa kwanza vilale kwenye friji. Kwao huko vinafukiwa kati ya Septemba na Novemba, vinapigwa na baridi ardhini miezi kadhaa, na baridi hiyo ndiyo inayoliamsha ua lililo ndani. Bila wiki 12 hivi za baridi ya chini ya nyuzi 10, kinatoa majani tu, au hakitoi kitu. Sasa Mwanza baridi hiyo utaitoa wapi? Julai yetu, hata upepo wa ziwa uvume usiku kucha, mtu analala na shuka moja, tena mguu mmoja uko nje. Vichanue Mei na Juni kwao, sisi tununue baridi kwa luku.

Friji lenyewe ni lile dogo la mlango mmoja, na rafu ya chini ilikuwa ya sato wangu. Sato akahamishwa. Akahamia kwa jirani, na samaki akishahamia kwa jirani mnajua, anarudi mkia. Likaja tangazo la pili: hakuna embe, hakuna papai, hakuna ndizi mbivu kwenye friji. Eti tunda linaloiva linatoa gesi, ethilini, na gesi hiyo inaharibu ua changa ndani ya kitunguu. Msimu wa maembe umefika, joto limetukaba, na sisi tunakula embe la moto ili mgeni wa Uholanzi asisumbuliwe. Umeme ukikatika, wa kwanza kujuliwa hali ni vitunguu. Nilimsikia Doto akimuuliza Kulwa kama vitunguu huwa vinaogopa giza mlango ukifungwa. Kulwa akasema vimezoea, kwao jua ni la nadra.

Kupanda nako. Tundu liwe na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, yaani kwa hawa wakubwa sentimita 15 hadi 20. Aliyeandika hivyo hajawahi kuchimba Mabatini. Kwetu udongo ni wa kupaka tu, chini yake ni serikali ya mawe. Nilianza na jembe, nikahamia kwenye sururu, nikaenda kuazima mtalimbo. Watu wanapita wananiambia, "Hongera Baba Kulwa, umeamua kujenga choo cha wageni?" Ninaitikia asante, maana kueleza ni aibu zaidi. Ila haki itendeke: udongo wetu wa kichanga uliojibana kati ya mawe, vitunguu hivi vinaupenda. Maji yakituama vinaoza, na huku juu hata masika yapige vipi, maji hayakai. Yanawateremkia watu wa bondeni.

Majani yakatoka, nikapumua. Halafu, kabla ua halijafunguka vizuri, majani yakaanza kugeuka njano na kulala chini. Ndiyo tabia yake huyu, anakausha majani wakati anachanua, na wenye bustani zao humpanda nyuma ya maua mengine asionekane miguu. Sisi hatukuficha kitu. Na ni nani kanda hii asiyejua kwamba kitunguu majani yakilala kimekomaa, ng'oa? Kila mpita njia akageuka bwana shamba. "Vuna, vitaoza hivyo." "Piga dawa, hilo ni baka." Mzee mmoja aliinama, akakata ncha ya jani, akaisugua kwa vidole viwili, akanusa, akafumba macho. "Kitunguu kabisa hiki," akasema, na akabaki amesimama pale kwa muda ambao mtu husimama akisubiri kupewa. Hata mbuzi wa jirani, aliyeshakula waridi, kanga na nusu ya daftari la hesabu la Kulwa, alisogea, akanusa, akapiga chafya, akaenda zake.

Katikati ya hayo akaingia mama mkwe kutoka Ngudu.

Mama mkwe nampokea kwa heshima zote, natazama chini, najibu ninachoulizwa. Tumekaa barazani, Mama Kulwa akaita kutoka jikoni: "Baba Kulwa, kitunguu kimeisha, nikimbilie fungu moja hapo gengeni!" Mama mkwe akageuza shingo taratibu, akaitazama bustani. Akanitazama mimi.

"Mkwe wangu, vile si vitunguu?"

"Ni maua, mama."

"Maua."

"Ndiyo, mama. Ya Ulaya."

Akanyamaza. Akafungua kanga yake, akaifunga upya, akasema, "Haya." Ndugu zangu, nimetukanwa na makonda, nimetukanwa na mama wa Mwaloni niliyemkanyagia dagaa zake zimeanikwa, lakini matusi yote hayo ukiyajumlisha hayafiki kwenye ile haya. Nikanyanyuka, nikapita katikati ya vitunguu kwenda kununua vitunguu.

Vikachanua, sikatai. Vichache, na vifupi kuliko vya kwenye picha, lakini vilichanua: zambarau, mviringo, vimesimama pale kwenye mawe kama maikrofoni za MC wa harusi. Nyuki wakajaa. Wanafunzi wakawa wanapitia kupiga picha. Mama Kulwa jioni anatoka na kikombe chake cha chai, anakaa, anavitazama, na uso wake unapoa kwa namna ambayo mshahara wangu haujawahi kuupoza.

Nikamwambia kwa upole, "Mama Kulwa, si kuna lile ua letu wenyewe, jekundu, nalo la mviringo, linalochomoza porini mvua za kwanza zikinyesha? Halina cheti, halijui friji, linatoka hata majani halijatoa." Akashika simu, akatafuta, akanisomea: Scadoxus multiflorus, lina sumu. Kisha akaongeza, "Na isitoshe ni la porini."

Sumu ni kweli, tunguu lake msilichezee, na wenye mbuzi wawe macho. Lakini mimi nimeishi na huyu mama, najua hoja haikuwa sumu. Hoja ilikuwa pori. Kama vile hawa wa zambarau wao walizaliwa hotelini! Nao kwao ni vya porini, vimeota kwenye vilima vya watu huko Asia, mchungaji anavipita na kondoo zake wala hageuki. Lichukue hili letu, lipandishe ndege, lizungushe Amsterdam wiki moja, lirudi na mihuri. Uone kama halitapewa rafu ya chini.

Sasa maua ya zambarau yamekauka. Nikashukuru mapema. Kumbe vile vichwa vikavu navyo ni pambo, vimewekwa kwenye chupa juu ya kabati la televisheni, vinadondosha mbegu nyeusi kwenye king'amuzi. Na vitunguu vyenyewe vimechimbuliwa, vimeanikwa kivulini, kwa sababu bila kupata baridi nyingine mwakani ua hakuna. Vinarudi kwenye friji. Tena shemeji anaongeza wengine, Allium cristophii, wafupi wa kimo ila kichwa kinafika sentimita 20, vijiua vyake nyota nyota vinavyometa. Rafu moja haitatosha. "Tununue friji la pili," nikaambiwa, "dogo tu, Baba Kulwa."

Jana nimeshuka mjini kuulizia bei. Kijana wa dukani akanipokea vizuri. "Karibu mzee wangu, unataka la soda au la samaki?"

Nikamwambia la vitunguu.

"Mzee, vitunguu haviwekwi kwenye friji."

Nikamweleza kwamba hivi vyangu lazima vidanganywe viko Ulaya, la sivyo vinanuna. Nikamwambia na maembe yasiwe jirani. Akanitazama usoni, akaangalia jua la nje, akavuta kiti cha plastiki akanifutia vumbi lake kwa kiganja.

"Hebu kaa kwanza, mzee," akasema. "Leo umekunywa maji?"