Goma: ziwa liko nyuma ya ukuta

Mgeni akifika Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, akatembea kutoka upande wa mpaka wa Rwanda kuelekea mtaa wa Himbi, anaweza kwenda mwendo mrefu na ziwa Kivu likiwa hatua chache kushoto kwake bila kuliona. Anachokiona ni kuta za mawe meusi ya lava, maua ya bougainvillea juu yake, na geti lenye mlinzi. Ili akae kando ya maji, aingie hotelini na kuagiza kinywaji. Asiye na pesa hiyo anashuka Kituku, ukingo ulio wazi kwa wote.

Mstari huu unaotenga watu na maji haukuchorwa jana. Goma ilianza kama kituo cha Wabelgiji kikitazamana na Gisenyi ya Wajerumani, leo Rwanda, mpaka ukakubaliwa mwaka 1910. Wazungu walijenga kando ya maji, Mwafrika akakaa nyuma, upande wa Birere. Baada ya uhuru wenye nyumba walibadilika, mstari ukabaki palepale. Mobutu naye aliweka ikulu yake ukingoni. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta, yaani serikali, lakini Leta hiyohiyo ndiyo iliyogawa hati za parsele, yaani viwanja.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani na kusukuma ukingo ndani ya maji. Mji uliofunikwa kiasi kile ungeweza kujichorea upya na kuacha mahali pa watu wote kando ya ziwa. Tulichofanya ni kuchonga mawe ya lava na kujenga kuta nyingine.

Wanaozitetea kuta wana hoja nzito. Nyuma yake miti ingali imesimama, majani yanakatwa, takataka zinaondolewa, na vijana wengi wanapata mshahara kama wahudumu na walinzi. Wanauliza: mnataka ukingo wote uwe kama Kituku? Na kweli, shuka Kituku asubuhi. Boti kutoka kisiwa cha Idjwi na mji wa Minova zinashusha ndizi na makaa. Mama anaosha nguo juu ya jiwe, watoto wanaoga pembeni yake, na hatua tano mbele msichana anazamisha bidoni la njano la lita 20. Hayo ndiyo maji ya kupikia nyumbani. Kwa mji ulioona kipindupindu cha Julai 1994, picha hiyo inatisha. Tena kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni inayojikusanya mabondeni karibu na ziwa, upande wa magharibi wa mji. Anayelala humo anaweza asiamke. Ukingo usio na mwangalizi ni hatari, hilo silipingi.

Lakini hoja hiyo inadai uangalizi, si ukuta. Kituku imechafuka kwa sababu kila aliyezuiliwa kwingine amesukumwa pale. Ni soko, ni bandari, ni bomba la maji, ni bafu. Imekuwa hata mahali pa kulilia: tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na hapo, watu wa ukingoni wakiiona kwa macho. Hakuna uwazi mmoja unaoweza kubeba kazi zote hizo ukabaki safi.

Angalia Gisenyi, ziwa ni lilelile. Kwenye ufuko wake mkubwa barabara imepita kati ya nyumba na maji, kwa hiyo hakuna mwenye nyumba anayeweza kuufunga. Kwa miaka mingi vijana wetu wamevuka mpaka siku ya Jumapili kwenda kuoga huko. Linaniuma jambo hilo, mtoto wa Goma kuonyesha jeto, kile kibali cha kuvukia mpaka, ili aguse maji ya ziwa lake.

Siungi mkono kubomoa. Wenye parsele wana hati, na tingatinga likianza kazi huku kwetu, wa kwanza kuumia huwa ni maskini. Ningeanza na Kituku: vyoo, bomba la maji yaliyotibiwa mbali na gati, mahali pa kufulia. Halafu mitaa ya Himbi na Keshero, vijia vyembamba kati ya parsele na parsele hadi majini, vibao vya mazuku vikiwa vimesimikwa. Mita tatu zinatosha mtu kupita na bidoni lake.