Shati Lisilovaliwa na Mtu

Shati zima lilienea kwenye kiganja changu. Lina kola, lina mikono miwili iliyofinywa ikatiwa mikanda, lina vikwapa kama vya kanzu, na kifuani lina vifungo vitatu visivyozidi punje ya mtama. Kila kifungo kina tundu lake, na kila tundu limezungushiwa uzi kwa mishono midogo hata ikabidi nivue miwani nilisogeze karibu na pua. Bafta nyeupe, uzi mweupe. Hakuna mtoto aliyewahi kulivaa, wala mdoli.

Nililiona kwa jirani yangu hapa Glasgow, bibi aliyepita miaka themanini. Tumezoeana kwa sababu ya chai, na pia kwa sababu kila nikivaa dera lenye nakshi yeye hushika upindo akaugeuza atazame upande wa ndani. Wanaojua kushona hutazama ndani kwanza. Jumapili hiyo alitoa kabatini daftari la kurasa nene za kahawia. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyelijaza akiwa na miaka 12, mwaka 1908, katika shule ya mji mmoja wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Ukurasa wa kwanza pindo. Wa pili mshono wa kulaza, ule wa kukunja ncha mbili zikameza uzi wote. Halafu kiraka cha flaneli, pembe zake nne zimenyooka kama za bahasha. Halafu kipande cha soksi chenye tobo lililozibwa kwa nyuzi zilizopishanishwa kama mkeka. Shati lilikuwa mwisho, limekunjwa, limebanwa kwa pini iliyoshika kutu.

Jirani yangu alikuwa anajivunia, na ana haki. Mimi nilichokiona kwanza ni masaa. Nilijaribu kukadiria: kola peke yake siku ngapi? Na kwa faida ya nani?

Jibu la swali hilo la pili linaanzia mbali kidogo, kwenye pesa. Mwaka 1862, chini ya Robert Lowe, aliyekuwa msimamizi wa elimu serikalini, serikali ya Uingereza iliweka utaratibu wa kuzilipa shule za watoto wa maskini kulingana na jinsi watoto wanavyofaulu mbele ya mkaguzi: kusoma, kuandika, hesabu. Kwa wasichana kukawa na sharti la ziada, kushona. Shule isiyofundisha wasichana kushona ilikuwa inacheza na ruzuku yake. Utaratibu wa kulipa kwa matokeo ulikufa kabla karne haijaisha, lakini mazoea hayafi kwa waraka. Mwaka 1908 wasichana walikuwa bado wanajaza madaftari ya vijinguo, maana kijinguo hakili kitambaa, na daftari hukaguliwa haraka.

Sasa fikiria darasa lenyewe. Watoto sitini, mwalimu mmoja. Miongozo ya walimu ilikuwa na mazoezi ya kushona yaliyopangwa kama gwaride: sindano mkono huu, uzi mkono ule, inua, penyeza, vuta, vyote kwa kuhesabu na wote kwa pamoja. Watoto wadogo kabisa walifundishwa kuvaa subana kidoleni na kushika sindano kabla hawajapewa chochote cha kushona. Wavulana muda huo walikuwa wakifanya nini? Mara nyingi hesabu zaidi, au kuchora. Na wakaguzi waliwahi kuelekezwa wasiwabane sana wasichana kwenye hesabu, kwa kuwa muda wao umeliwa na sindano. Hapo ndipo huwa nasimama kila nikiisoma habari hii. Walijua kabisa wanawapunguzia nini, wakaona ni bei nzuri.

Wapo wanaoitetea elimu ile. Wanasema angalau wasichana walitoka na ufundi mkononi. Nakubali ufundi ulikuwepo. Mimi mwenyewe siwezi kushona tundu la kifungo kama lile, na nimekuwa nikishona tangu darasa la nne. Tatizo langu ni jina waliloupa ufundi huo. Hawakuuita ufundi. Waliuita unadhifu, utulivu, uvumilivu, upole, maandalizi ya mke mwema au mtumishi mzuri wa ndani. Na kitu kikishafundishwa kama tabia njema, mtu atakilipiaje? Nani humlipa binti kwa kuwa mpole?

Matokeo yalionekana wazi London mwaka 1906. Gazeti la Daily News liliandaa maonyesho katika ukumbi wa Queen's Hall, na vilivyoonyeshwa havikuwa picha wala mashine. Walikuwa wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliokaa mbele ya wageni wakifanya kazi zao za kila siku za nyumbani za ujira mdogo: kushona mashati, kupachika vifungo kwenye kadi. Matajiri walipita wakitazama, wakasoma vibandiko vya malipo, wakashtuka. Mwaka 1909 Bunge likapitisha sheria ya kuweka kima cha chini cha mshahara katika kazi nne tu kwa kuanzia: nguo za kiwandani, masanduku ya karatasi, umaliziaji wa lesi ya mashine, na uhunzi wa minyororo. Hesabu mwenyewe. Katika kazi nne zilizoonekana kunyonya watu kuliko zote, mbili ni za uzi na sindano. Wengi wa wanawake wale walikuwa wamepitia madarasa yale yale ya gwaride. Walikuwa na ufundi tele, ila uliingia sokoni umeshaitwa wajibu.

Ningekuwa sitendi haki nikiishia hapo bila kumtaja mwanamke mmoja wa mji huu ninaoishi. Ann Macbeth alikuwa mkuu wa idara ya udarizi katika Glasgow School of Art, idara iliyoanzia kwenye madarasa ya Jessie Newbery mwaka 1894. Jumamosi walimu wa shule walikuja pale kujifunza. Mwaka 1911 yeye na mwalimu mwenzake Margaret Swanson walitoa kitabu cha kufundishia, na dibaji yake akaiandika Margaret McMillan, mama aliyepigania afya za watoto wa maskini. Hoja yao hata mtoto angeielewa: acheni kuwapa watoto wa miaka sita uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, mnawaua macho. Mpe mtoto sindano nene, uzi wa rangi, kitambaa kizito, mshono mkubwa anaouona. Mshono upungue kadiri mkono unavyokomaa. Na pambo lizaliwe na kazi: ule ule mshono unaoshika pindo ndio uwe ua.

Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka bibi wa 1908 na bafta yake nyeupe. Miaka mitatu tu mapema.

Macbeth huyo huyo ndiye aliyebuni shuka la mwaka 1910 lililotariziwa majina 80 ya wanawake waliofungwa na kugoma kula kwa kudai kura. Kila jina kwa mwandiko wa mwenyewe, kwa uzi. Baadaye likafanywa bendera ya maandamano. Sindano ile ile iliyokusudiwa kuwatuliza! Nakiri nalipenda sana jambo hilo, kiasi cha kujihadhari nalo, maana ni rahisi kulitumia kufuta mengine yote. Majina themanini hayarudishi masomo ya hesabu.

Na mwaka huo huo wa kitabu, 1911, mwendo mfupi wa treni kutoka Glasgow, kiwanda cha vyerehani cha Singer pale Clydebank kilisimama. Ugomvi ulianza na wanawake kumi na wawili waliokuwa wanang'arisha mbao za vyerehani, walioongezewa kazi ya wenzao waliopunguzwa. Wakatoka. Nyuma yao wakatoka watu zaidi ya 10,000. Mgomo ulishindwa na viongozi wakafukuzwa. Miaka miwili baadaye kiwanda kile kikawa kinasafirisha vyerehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Vilifika pia kwenye baraza zetu. Kile cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyofifia, ambacho nusu yetu tulikatazwa kukigusa utotoni, kitazame nembo yake.

Na hapa pwani yetu inanipa ushahidi ambao Waingereza wale wangefadhaika nao. Nani kafanana na sindano, mwanamke au mwanaume? Pita mitaa ya Mji Mkongwe, Mombasa, Tanga: fundi cherehani aliyekaa barazani, futi shingoni, ni mwanaume. Lamu wanaume hudarizi kofia, viua vidogo vidogo, tundu kwa tundu, tena hadharani wakipiga soga, na hakuna anayeuliza kama wanajiandaa kuwa wake wema. Ila misheni ya Kianglikana ilipofungua shule ya wasichana waliokombolewa utumwani pale Mbweni, Unguja, shule aliyoiongoza Caroline Thackeray kwa miaka mingi, kushona kukawa sehemu ya malezi ya wasichana. Kwa hiyo kwetu, kama kwao, sindano ikileta riziki anaishika baba barazani. Ikileta sifa tu, anapewa binti.

Shuleni kwangu ilikuwa vivyo hivyo, miaka themanini baadaye. Kipindi cha sayansi kimu wavulana walienda kwenye karakana ya mbao, sisi tukatoa vitambaa. Nilishona ua jekundu kwenye kitambaa cha mezani, nikalipenda. Mwalimu akaligeuza, akaona nyuma nyuzi zimevukana ovyo, akafumua lote kwa ncha ya mkasi mbele ya darasa. "Mkweo atasema hukulelewa," akasema. Darasa likacheka, nami nikacheka, maana ungefanyaje? Ushauri wake juu ya upande wa nyuma ulikuwa sahihi kabisa na ninaufuata mpaka leo. Huyo mkwe ndiye sikumwelewa alifikaje kwenye kitambaa changu.

Sisemi shule ziache kushona. Nina maoni kinyume kabisa: wafundishwe wote, wavulana na wasichana, na wafundishwe pamoja na bei. Mtoto akimaliza tundu la kifungo aandike kando: dakika ngapi, uzi wa shilingi ngapi, fundi wa mtaani anatoza kiasi gani. Hapo hesabu iliyoibwa inarudi mezani. Ningelipa daftari lile la 1908 alama zote, kisha ningeongeza safu moja ambayo mkaguzi hakuwahi kuidai.

Mama yangu yuko Tanga, Ngamiani, na anafuma mashuka. Wanaojua wanajua: shuka jozi moja na foronya zake, limechorwa kwa kaboni, limebanwa kwenye fremu, maua ya nyuzi za rangi nne tano, wiki tatu za jioni baada ya kazi zote. Mwezi uliopita alikuja mteja, mama wa heshima zake, anaoza binti. Akayashika mashuka, akayageuza upande wa ndani, akaridhika. Akauliza bei. Mama akasema elfu themanini. Yule mama akacheka kwa upole.

"Elfu themanini, dada? Si unakaa tu nyumbani jioni? Huo ni uzi tu. Nikupe thelathini."

Mama aliniambia hakujibu kitu. Alimkaribisha maji, wakazungumza harusi, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akayakunja mashuka kwa mistari yake, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akayarudisha kabatini juu ya mengine mawili. Yako humo mpaka leo, hayajalaliwa na mtu.