Mkufunzi anadai zaidi ya nambari

Wakufunzi wenzangu wa vyuo vya ufundi vya Kenya huniuliza kama vyeti vyangu vya nyumbani vilitosha kunipa darasa huku Uskoti. Vilinifikisha mlangoni. Kilichonifanya nihesabiwe kuwa mwalimu wa chuo sawa na mwingine yeyote ni usajili, na kadiri ninavyozidi kuishi chini ya utaratibu huu ndivyo ninavyoona kwamba mkufunzi wa kwetu anapunjwa.

Rejista ya hapa inatunzwa na GTC Scotland, baraza lililoundwa mwaka 1965 kwa ajili ya walimu wa shule, na ambalo tangu 2012 linajitegemea. Sisi wa vyuo tuliingia baadaye, baada ya waajiri na chama chetu, EIS-FELA, kuketi mezani na kukubaliana. Unatakiwa kuwa na sifa ya ualimu wa vyuo iitwayo TQFE, ambayo watu huisoma huku wakiendelea kufundisha, pamoja na vyeti vyako, ada ya kila mwaka na uanachama wa PVG, mpango wa kuwalinda watoto na watu wazima walio hatarini.

Huo PVG ningeubeba nzimanzima hadi Nairobi. Cheti cha tabia njema tunachochukua DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, kinaeleza rekodi yako ilivyokuwa siku kilipotolewa. Mtu akikamatwa mwezi unaofuata, karatasi yake bado ni safi. PVG inaendelea kumfuatilia mwanachama, na jambo zito likijitokeza huchunguzwa na anaweza kuzuiwa kufanya kazi na watoto. Ninafundisha ufungaji wa nyaya za umeme, na karakanani kwangu kuna vijana wa miaka 16. Mzazi wa Uskoti analindwa hivyo. Mzazi wa Kakamega naye anastahili.

Rejista yenyewe iko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima aliyekuwa dereva wa basi, aliniambia alishalitafuta jina langu humo kabla ya kipindi cha kwanza. Alilipata, akaridhika, akatoa bisibisi tukaanza kazi. Kwa mtu aliyetoka mbali, mwenye lafudhi kama yangu, hilo lina uzito mkubwa. Sikuhitaji kumshawishi mtu kwamba nimesomea ninachokifanya.

Faida nyingine ninazozitumia ni majarida ya kitaaluma na vitabu vya elimu ambavyo baraza huwafungulia waliosajiliwa, na mapitio ya kitaaluma yanayothibitishwa kila baada ya miaka 5. Mapitio hayo yanachosha, sikatai, lakini yanamlazimu mkuu wa idara akuulize umejifunza nini kipya.

Usajili usio na faida haudumu. England walijaribu: wakufunzi wa vyuo walitakiwa kuwa wanachama wa Institute for Learning, na mwaka 2011 walipoambiwa ada itatoka mifukoni mwao, chama chao cha UCU kikaongoza mgomo wa kukataa kulipa. Lazima ile ikaondolewa, na kufikia 2014 taasisi yenyewe ilikuwa imefungwa. Sioni kwamba wale walimu walikosea. Walitozwa bila kuonyeshwa wanapata nini.

Kenya hatuanzi sifuri. Sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013 ilitupa TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo, na mkufunzi anatakiwa kusajiliwa nayo. Chuo cha KTTC pale Gigiri, Nairobi, kimekuwa kikiwaandaa walimu wa ufundi kwa miongo mingi. Tunakwama kwenye ajira. Kuna mkufunzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, kuna wa kaunti, na kuna wale walioajiriwa na bodi ya chuo kwa mkataba mfupi. Usajili ungekuwa uzi unaowaunganisha wote. Rafiki yangu alitoka chuo cha kaunti moja akaenda kaunti jirani, na huko akaanzishwa mshahara wa mtu anayeingia kazini kwa mara ya kwanza. Mafundi aliowafunza wamejaa mjini, wana maduka yao na wafanyakazi wao. Nambari yake ya usajili haikubadilika, ila haikuwa imebeba chochote: wala miaka yake ya kazi, wala kozi alizojilipia.

Miaka hiyo iandikwe kwenye rejista, na mwajiri yeyote wa umma alazimike kuihesabu anapopanga mshahara. Kozi fupi za viwandani ziandikwe pia, maana fundi wa umeme aliyefunzwa kabla ya sola kuenea anahitaji kurudi shule, na akirudi itambulike. Wananchi nao waweze kutafuta jina la mkufunzi bila kuandika barua kwa ofisi yoyote.

Halafu kuna suala la nani alipe. Mkufunzi wa bodi, ambaye wakati mwingine mshahara humfikia muhula ukiwa umeshakwisha, asidaiwe ada ileile anayodaiwa mwenzake wa ajira ya kudumu. Chuo kilichomwajiri ndicho kimlipie, na risiti iambatanishwe na mkataba wake tangu siku anayotia sahihi.