Mtu wa masoko na takwimu: alazimishwe au achague?

Kaa na wanafunzi wa shahada ya masoko, iwe Mbeya au Iringa, mazungumzo yatafika tu kwenye takwimu na hisabati za biashara. Aliyetoka kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anauliza kwa nini apigwe supu, yaani mtihani wa marudio, ya hesabu alizoziaga kidato cha nne, wakati yeye kaja kujifunza kuuza. Shahada ni ya miaka mitatu, na kila kozi ya lazima inabana nafasi ya nyingine. Wengi wangependa nafasi hiyo wapewe watu wa masoko ya mtandaoni.

Hoja yao ina uzito. Takwimu nyingi hufundishwa kwa mifano ya viwanda ambavyo mwanafunzi hajawahi kuviona. Anakariri fomula, anavuka UE (mtihani wa mwisho wa muhula), anasahau. Kwa ada wanayolipa wazazi, hiyo ni hasara.

Ila mpeleke huyohuyo Isyonje, barabara ya Tukuyu, msimu wa viazi. Gunia limejazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, na tuseme dalali anatoa shilingi 80,000. Lingekuwa la kilo 100, kila kilo imeuzwa shilingi 800. Likibeba kilo 130, mkulima kauza kwa shilingi 615 hivi, na bei iliyotajwa ni ileile. Hapo ni kugawanya tu. Akitaka kujua kama bei imepanda kwa sababu ya msimu, au ni kwa vile jana malori hayakufika, atahitaji wastani, sampuli na mtawanyiko. Kuwauliza wauzaji watano anaofahamiana nao pale soko la SIDO, Mbeya, hakujawa utafiti wa masoko. Aliyekwepa takwimu utamwona mwaka wa tatu, anatafuta mtu wa kumlipa amchakatie data za tasnifu, kisha mbele ya wasimamizi anashindwa kueleza jedwali lake mwenyewe.

Kwangu takwimu zibaki za lazima. Kama ni kupunguza, tuanze na nadharia zinazojirudia: P nne za McCarthy (bidhaa, bei, mahali na promosheni), za tangu 1960, mwanafunzi anakutana nazo mwaka wa kwanza, kisha zinarudi kwa jina la kozi nyingine, na nyingine tena.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo iguswe. Mara nyingi huangukia likizo ndefu, katikati ya mwaka, mpunga wa Mbarali na mahindi vikiwa sokoni, lakini mwanafunzi wa masoko yuko ofisini anatoa fotokopi. Vyuo vina utetezi wao: ofisini kuna msimamizi wa kusaini logibuku, sokoni atasaini nani? Swali ni la haki, lakini masoko yana uongozi, vijiji vya kahawa Mbozi vina AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na kila halmashauri ina maafisa biashara. Kilichobaki ni chuo kuwaandikia barua mapema, kabla wanafunzi hawajasambazwa.