Waandishi wa Falaki, Tuambieni Mlipimaje

Ninapofungua kitabu kipya cha astrofizikia kilichoandikwa kwa ajili yetu tusio wanasayansi, jambo la kwanza ninalolitafuta ni sura inayoeleza jinsi umbali wa nyota unavyopimwa. Nisipoikuta hukirudisha rafuni, hata kama jalada limepambwa kwa picha za mashimo meusi, kwa sababu mwandishi anayeniambia kwamba galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) bila kunieleza ilijulikanaje anataka nimwamini tu, ilhali wanasayansi wenyewe hawakubaliani kwa namna hiyo.

Na maelezo yenyewe si magumu. Henrietta Leavitt, aliyekuwa akichunguza huko Harvard picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo, alizichambua nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo, yaani kundi la nyota) ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa vipindi maalumu, na mwaka 1912 matokeo yake yalionyesha kwamba nyota inayong'aa zaidi huwa na kipindi kirefu zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika kundi moja la mbali, tofauti ya umbali baina yake si kitu, kama taa za kijiji kinachoonekana usiku ng'ambo ya ziwa: inayoonekana kali ndiyo kali kweli. Umbali wa nyota chache za karibu za aina hiyo ulipokwisha kukadiriwa, ilitosha kuhesabu siku za kipindi cha nyota nyingine yoyote ya aina hiyo ili kuijua nguvu yake halisi, na kuilinganisha na inavyoonekana kutoka duniani.

Mwanafalaki Edwin Hubble aligundua nyota mojawapo ya aina hiyo katika Andromeda mwaka 1923, akakadiria umbali wa takriban miaka ya nuru laki tisa, chini ya nusu ya kipimo cha leo. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza kwamba nyota hizo ni za aina mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa, ndiyo maana umbali ulitoka mdogo mno. Vitabu vingi huruka kosa hili kana kwamba ni aibu. Mimi nayaona maelezo yake kuwa kurasa zenye thamani kuliko zote.

Stephen Hawking aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba alionywa kuwa kila mlinganyo ungepunguza mauzo kwa nusu, akabakiza E = mc² peke yake. Nadhani onyo hilo limetiiwa kupita kiasi. Nyota ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaotufikia hubaki robo. Ikiwa mbali mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Hesabu hiyo inaenea katika mstari mmoja, na msomaji aliyepewa kipindi na mng'aro wa nyota ya Hubble angeweza kuufikia umbali wa Andromeda mwenyewe, kwa kalamu na karatasi.