Madiwani wote kwa mpigo, au theluthi kwa theluthi?

Halmashauri za wilaya za Uingereza hazifuati kalenda moja ya uchaguzi. Nyingi huchagua madiwani wote kwa mpigo kila miaka 4. Nyingine huchagua theluthi yao kila Mei kwa miaka 3, kisha hupumzika mwaka mmoja. Chache, Oxford ikiwemo, huchagua nusu kila miaka 2.

Birmingham imeonja mifumo miwili. Kabla ya 2018 ilikuwa na kata 40 na madiwani 120, na kila uchaguzi viti 40 tu viligombewa. Tuseme chama kina viti 77 na kinatetea 26 kati ya hivyo. Kikipoteza 10, kipigo kizito kwa kipimo chochote, bado kinabaki na 67, na wingi unaotakiwa ni 61. Aliyepiga kura akitaka mabadiliko anaamka Ijumaa na kuwakuta walewale madarakani. Isitoshe, kodi ya halmashauri hupitishwa kabla ya tarehe 11 Machi, na uchaguzi ni Alhamisi ya kwanza ya Mei. Chama kinachokwenda kuomba kura wiki 8 baadaye hakithubutu kufunga maktaba wala kuuza majengo, hivyo uamuzi mgumu husogezwa kila mwaka. Ripoti ya Bob Kerslake, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa umma, ya Desemba 2014 iliitaka Birmingham iache mtindo huo. Mei 2018 wakachaguliwa madiwani 101 siku moja, katika kata mpya 69 za diwani mmoja au wawili.

Kugawa kata upya lilikuwa jambo la maana sana. Kata ya madiwani watatu ikichaguliwa kwa mpigo, mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama tatu. Wapo wanaoweka moja tu wakidhani ndiyo mwisho, na anayeweka nne karatasi yake inakataliwa. Majina hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo, na ndani ya chama kimoja mgombea wa herufi A au B mara nyingi humzidi mwenzake wa W. Kuhesabu nako huchelewa, kwani karatasi zilizochanganya vyama husomwa moja moja na kuingizwa kwenye jedwali.

Hata hivyo, mfumo wa mpigo una pengo kubwa. Tarehe 5 Septemba 2023 Birmingham ilitangaza kwamba fedha hazitoshi na ikasitisha matumizi yote mapya yasiyo ya lazima. Chanzo kilikuwa madai ya malipo sawa kwa wanawake pamoja na mfumo wa kompyuta wa hesabu uliokwama, si kalenda ya uchaguzi. Serikali kuu ikaleta makamishna wa kuisimamia halmashauri, na mwaka 2024 kodi ikapanda karibu asilimia 10. Wakazi walikuwa wamepiga kura 2022, na zamu yao iliyofuata ilikuwa Mei 2026. Kwa mfumo wa zamani wangepiga kura Mei 2024, hasira ikiwa bado mbichi.

Kwa maoni yangu nusu kwa nusu ni bora kuliko yote mawili. Oxford ina kata 24 zenye madiwani wawili wawili: kila baada ya miaka 2 kiti kimoja, alama moja, na chama kinapata bajeti moja isiyofuatiwa na uchaguzi wa wilaya.

Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaoishi huko kihalali wana haki ya kupiga kura hizi kama raia wa Jumuiya ya Madola. Wajiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla, na kituoni waende na pasipoti. Kadi ya mwaliko wa kura peke yake haitoshi.